Kukaza mara ya pili ni kazi ya nani?

Fundi alikuwa amesimama juu ya spana. Juu yake hasa: miguu miwili, mkono mmoja umeshika paa la Noah asianguke, anadunda kidogo kidogo kama mtoto kwenye tawi la mwembe. Kila akidunda, nati inalia. Lilikuwa gurudumu la nyuma kushoto, la kwanza kati ya manne yaliyokuwa yakivalishwa matairi mapya. Mwenye gari, mama anayefanya biashara ya mafuta ya alizeti, alitaka kuwahi Dodoma kabla ya jioni. Upepo wa Singida nao ulikuwa ukipita chini ya turubai la kibanda na kumwaga mchanga juu ya kila kitu: jeki, spana, chai yangu.

Mimi nilikuja kuziba pancha tu. Kwenye benchi tulikuwa watatu: mimi, dereva wa masafa marefu aliyeegesha tela lake ng'ambo ya barabara, na mwalimu mstaafu wa ufundi wa magari aliyeleta baiskeli ijazwe upepo. Yafuatayo nimeyapanga kwa kazi za watu, si kwa majina yao.

MAMA: Fundi, hutaikata hiyo?

FUNDI: Mama, hapa hata tembo hafungui. Unakwenda Dodoma, safiri kwa amani.

MWALIMU: Hata tembo hafungui. Na huyu mama akipata pancha saa mbili usiku kule Issuna, atafungua yeye?

DEREVA: Mwalimu, mwache kijana afanye kazi. Mimi nimepanda na kushuka Sekenke tangu barabara ikiwa vumbi tupu. Nati tunakaza kwa bomba. Utingo anapanda juu ya bomba, mimi nahesabu: moja, mbili, tatu, shuka. Sijawahi kuacha gurudumu njiani.

MWALIMU: Bomba lenu lina urefu gani?

DEREVA: Kama mita moja.

MWALIMU: Na utingo wako ana kilo ngapi?

DEREVA: Mwembamba yule. Sitini na kitu, sabini akishiba.

Hapo mwalimu akaomba chaki. Fundi hakuwa na chaki, alikuwa na kipande cha mkaa. Mwalimu akaandika kwenye tairi kuukuu, na naungama kwamba hesabu ile imenikaa kichwani kuliko zote nilizofundishwa shuleni. Nguvu ya kukaza hupimwa kwa kuzidisha uzito unaosukuma na urefu wa mkono wa spana. Mtu wa kilo 70 akisimama mwishoni mwa bomba la mita moja anatoa kipimo cha niutoni mita zipatazo 690. Nati za malori makubwa yenye bolti 10 kwa gurudumu huhitaji 600 hivi, wakati mwingine zaidi.

MWALIMU: Kwa hiyo wewe dereva hukukosea. Bomba na utingo ndiyo spana yenu ya kipimo, mmeipata kwa uzoefu. Sasa huyu. Bolti ya Noah ina unene wa milimita 12. Toyota wanataka niutoni mita 103. Ni kama moja ya sita ya lori.

FUNDI: Mia na tatu ndiyo kiasi gani, mwalimu? Mimi sioni namba kwenye spana.

MWALIMU: Wili spana yako ina mkono wa sentimita 30. Ukisukuma mwisho wake kwa uzito wa kilo 35, umefika. Wewe umesimama na kilo zako zote, halafu unadunda.

DEREVA: Basi imezidi. Iliyozidi si afadhali kuliko iliyopungua?

Swali hilo ndilo moyo wa mabishano ya vibanda vyote vya matairi ninavyovijua, kuanzia Manyoni hadi Shelui. Watu wengi wangejibu ndiyo bila kufikiri. Mimi pia ningejibu ndiyo, miaka michache iliyopita, kabla sijafungiwa matairi mahali fulani na kijana mwenye mashine ya upepo. Ililia trrr mara ishirini na kazi ikawa imekwisha. Kilomita kadhaa mbele usukani ukaanza kutetemeka, nikasema ni barabara. Baadaye nikasikia kong', kong', nikasema ni jiwe limenasa. Niliposhuka, nati moja haikuwepo, mbili zilizungushika kwa vidole, na mbili zilikuwa zimekazwa kiasi kwamba hazikukubali kulegea wala kukazwa tena. Gurudumu moja lilikuwa limezidiwa na kupungukiwa kwa wakati mmoja.

MWALIMU: Hebu niambie, fundi. Bolti hizi tano zinafanya kazi gani?

FUNDI: Zinabeba gari.

MWALIMU: Hazibebi. Umeona fundi ujenzi anavyobeba matofali manne kwa kuyabana kati ya viganja? Matofali ya katikati hayana chochote chini yake. Yameshikwa na mbano. Rimu na habu ni hivyo hivyo. Kila nati ikikazwa sawasawa inabana kwa nguvu ya tani 4 hivi. Zote tano ni kama tani 20. Mbano huo ndio unaozuia rimu isiteleze juu ya habu. Mbano ukipungua, rimu inaanza kucheza, na bolti zinakunjwa huku na huku kila gurudumu linapozunguka, mpaka zinachoka na kukatika.

MAMA: Na kinachobana ni nini, kama si chuma kwa chuma?

MWALIMU: Bolti imevutika, mama. Ni kama mpira wa manati. Inavutika kidogo sana, chini ya unene wa unywele, lakini inataka kurudi, na huko kutaka kurudi ndiko kunakobana. Ukiivuta kupita kiasi inakuwa kama mpira uliolegea: hairudi tena. Nyuzi zinaharibika, nati inalewa, inazunguka bila kung'ata. Mtu akiigusa anasema imekaza, kumbe imekwisha.

Fundi alishuka kwenye spana. Alishuka kama mtu aliyechoka, lakini niliona ameangalia nyuzi za nati iliyokuwa mkononi.

DEREVA: Mimi sikatai. Ila nawauliza nyinyi wa vitabu: mbona nati iliyokazwa vizuri kabisa inalegea yenyewe njiani? Kwenye lori tunalijua hilo. Ukifunga gurudumu jipya, ukitembea kidogo, ukirudia kukaza, zinaingia tena. Robo mzunguko, wakati mwingine zaidi. Nani amezilegeza? Shetani?

Mwalimu alicheka. Akasema Wajerumani nao walijiuliza hivyo hivyo, na mhandisi wao mmoja, Gerhard Junker, alichapisha jibu mwaka 1969: mtikisiko wa ubavuni, ule unaofanya vitu viwili vilivyobanwa viteleze hata kidogo tu, unaweza kufungua nati yenyewe, nyuzi kwa nyuzi. Nati haihitaji mkono wa mtu. Inahitaji rimu inayocheza.

MWALIMU: Lakini kwa gurudumu lililofungwa leo, kuna sababu rahisi zaidi. Fundi, ile habu ya nyuma kushoto uliipangusa kabla ya kuweka rimu?

FUNDI: Ilikuwa safi.

MWALIMU: Safi kwa Singida? Upepo huu?

Nikainama kuangalia habu ya mbele iliyokuwa bado wazi. Kutu ya rangi ya kahawia ilikuwa imefanya magamba kuzunguka bolti, na juu ya kutu kulikuwa na punje za mchanga zinazong'aa, zile zinazotokana na mawe makubwa ya itale yanayouzunguka mji huu. Nikapitisha kidole. Zilikwaruza.

MWALIMU: Nimesema bolti inavutika chini ya unene wa unywele. Gamba la kutu lina unene gani? Rangi iliyopakwa kwenye rimu ina unene gani? Ni kama huo huo, au zaidi. Unakaza leo, mchanga na kutu vinakuwa kati. Gari linatembea, joto la breki, mashimo, vinasagika. Kilichokuwa katikati kimepungua kwa unene ule ule ambao bolti ilikuwa imevutika. Mpira wa manati umerudi. Nati haijazunguka hata kidogo, lakini mbano umekwenda.

DEREVA: Kwa hiyo si shetani, ni uchafu.

MWALIMU: Mara nyingi.

Fundi akaenda nyuma ya kibanda akarudi na brashi ya waya. Akaanza kusugua habu ya mbele kulia, kwa hasira kidogo. Kutu ikamwagika chini kama unga wa ulezi. Nilidhani mjadala umekwisha, lakini dereva alikuwa ndiyo kwanza anapata moto, na alileta jambo ambalo mwalimu mwenyewe alilisikiliza kwa makini.

DEREVA: Sasa nikufundishe na mimi. Fuso, zile za zamani, upande wa kushoto nati zake zinafunguka kinyume. Vijana wa siku hizi hawajui, anaweka mashine ya upepo anadhani anafungua, anakata bolti tatu kabla hajashtuka. Bedford zilikuwa hivyo hivyo. Wazee waliotengeneza walijua gurudumu la kushoto linazungukia upande wa kufungua. Halafu matairi pacha ya nyuma: la ndani lina nati yake, la nje lina nati yake juu ya ile ya ndani. Ukikaza ya nje tu, umejidanganya. Lazima ulegeze ya nje, ukaze ya ndani, ndipo urudishe ya nje. Nimeona Fuso la vitunguu likiacha pacha mzima, na dereva anaapa kwamba alikaza asubuhi. Alikaza kweli. Alikaza isiyohusika.

MAMA: Sasa mimi niseme. Mmesema yote, na mimi naondoka na gari. Mnasema nati za gurudumu jipya lazima zirudiwe kukazwa. Baada ya muda gani?

MWALIMU: Kilomita 50 hadi 100.

MAMA: Kutoka hapa kilomita 100 nakaribia Manyoni. Fundi yuko hapa. Nani atanikazia?

Kimya. Hata upepo, ningeapa, ulitulia kidogo.

Hilo ndilo swali nililotoka nalo pale, na nadhani ndilo la maana kuliko hesabu zote za mkaa. Kukaza nati si kazi moja. Ni kazi mbili, na kati yake kuna safari. Ya kwanza ina mwenyewe: analipwa, anaonekana, anaruka juu ya spana watu wakimwona. Ya pili inaangukia mahali ambapo fundi hayupo, dereva ana haraka, na mwenye gari hajui kwamba ipo.

FUNDI: Mama, ukirudi, pita. Nakukazia bure.

MAMA: Narudi Jumapili. Nitakuwa nimeshatembea kilomita 500.

DEREVA: Asimame kwa fundi yeyote njiani. Ikungi pale wapo. Ni kama kilomita 40, si mbaya.

FUNDI: Hawatagusa.

DEREVA: Kwa nini? Nati tu hizo!

FUNDI: Mzee, akija mtu hapa na matairi yamefungwa Dodoma, akaniambia nikazie, mimi namwambia yako sawa, nenda. Nikishagusa tu, yakichomoka mbele huko, nani aliyeshika mwisho? Mimi. Watasema ni mimi. Sitaki elfu moja ya kunipeleka polisi.

Alisema hivyo bila kuinua kichwa, akiendelea kusugua. Sikumlaumu. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtazama zaidi anayeliingiza gari bovu barabarani: anayeendesha, na anayeruhusu liendeshwe. Lakini mtaani hesabu ni nyingine. Lawama huenda kwa mkono wa mwisho ulioonekana. Kwa hiyo mafundi wameona usalama wao uko kwenye kutogusa, na msafiri anabaki na nati ambazo kila mtu anazijua na hakuna anayezishika.

MWALIMU: Jimbo la Ontario, Kanada, walichoka. Magurudumu ya malori yalikuwa yanachomoka na kuua watu kwenye barabara kuu. Mwaka 1997 wakatunga sheria: gurudumu likichomoka kwenye lori, mwendeshaji wa biashara hiyo ana hatia. Hakuna kusema nilikaza, hakuna kusema fundi alikosea. Faini inafika dola 50,000 za kwao.

DEREVA: Hiyo ni ya kumwangamiza mtu.

MWALIMU: Ndiyo maana wakaanza kukagua.

DEREVA: Hapa tajiri angenikata mimi mshahara, akasema sheria imesema. Kule anayelipa ni kampuni. Usilete sheria ya kampuni kwa mtu mwenye lori moja na mkopo.

MWALIMU: Basi karatasi. Fundi aandike: nimefunga siku fulani, zirudiwe baada ya kilomita 50, asaini.

DEREVA: Karatasi! Upepo huu?

Wote tulicheka, hata fundi. Mimi niko upande wa mwalimu, nakiri, ila karatasi isiishie kwenye kibweta cha gari. Ikae kwenye usukani, imefungwa kwa uzi, imkere dereva mpaka asimame. Uingereza, uchunguzi uliotolewa mwaka 2006 ulikadiria kwamba magurudumu 150 hadi 400 ya magari makubwa huchomoka kila mwaka, katika nchi yenye karakana za vipimo na ukaguzi wa kila mwaka. Sisi magazetini tunasoma tairi limepasuka, au mwendokasi. Nati huwa haipati hata sentensi.

Mama alikuwa ameacha kucheka kabla yetu.

MAMA: Nipe hiyo spana.

FUNDI: Mama, acha tu, tunamaliza sasa hivi.

MAMA: Nipe. Mwalimu, umesema kilo 35.

MWALIMU: Mwisho wa mkono, ndiyo. Usishike katikati.

MAMA: Dumu langu la lita 20 likijaa mafuta ni kama kilo 19. Mawili ni 38. Nayainua kila siku, moja huku moja huku. Najua uzito wa madumu mawili kuliko ninavyojua uzito wangu.

Akaiweka spana kwenye nati ya mbele kulia, gurudumu likiwa limeshashushwa chini. Akasimama, magoti yamekunjwa kidogo, akasukuma chini kwa mikono miwili, taratibu, bila kudunda. Nati ikaenda kidogo, ikatulia. Akasikilizia.

MAMA: Hapa ni dumu moja na nusu. Sasa mawili. Basi.

MWALIMU: Usiifuate iliyo jirani. Ruka moja, nenda ya upande wa pili, kama unachora nyota. Ukimaliza tano, rudia tano zote. Ukifuatisha mduara rimu inakaa upande.

FUNDI: Nipake grisi kwenye nyuzi zisishike kutu?

MWALIMU: Hapana. Namba ile ya kiwandani ni ya nyuzi kavu na safi. Ukipaka grisi, spana ile ile, nguvu ile ile, bolti inavutwa zaidi kwa theluthi, pengine nusu. Kwenye malori viwanda vingine vinaruhusu tone la mafuta, fuata kitabu chao. Hapa, kavu.

Dereva alitaka kusema kitu juu ya mafuta, akaghairi. Alikwenda kwenye tela lake akarudi na kikopo cha rangi nyeupe na kijiti. Kwenye kila nati ya gurudumu la mbele kulia akachora mstari mwembamba unaotoka kwenye nati mpaka kwenye rimu. Akasema malori ya wenzetu yana vishale vya plastiki ya njano kwa kazi hiyo. Yeye hutumia rangi iliyobaki alipopaka geti la nyumbani. Mistari ikiachana, nati imezunguka.

MWALIMU: Ikiachana umejua. Isipoachana, bado kaza. Nimekwambia, mbano unaweza kwenda bila nati kuzunguka.

DEREVA: Mwalimu, unajua kumnyima mtu raha.

Walifanya magurudumu matatu kwa utaratibu huo: brashi, rimu, nati kwa mkono kwanza, nyota, jeki chini, madumu mawili, rangi. La nyuma kushoto lilikuwa limeshafungwa tangu mwanzo. Fundi alizilegeza nati zake kwa shida, akisaidiwa na bomba la dereva, mwalimu akazikagua nyuzi zikiwa hapo hapo kwenye bolti, akasema zimepona, zikakazwa upya kwa kipimo cha mama. Mama akalipa, akainunua ile wili spana ya fundi kwa bei ambayo sitaitaja maana fundi alijua amebanwa, akaingia garini na madumu yake.

Mwalimu alipata upepo wake. Mimi pancha yangu ilikuwa imesahaulika, ikabidi nisubiri. Dereva alikuwa bado anabishana na fundi kuhusu Fuso za kushoto wakati simu ya fundi ilipolia. Aliiweka sauti ya juu.

"Fundi, niko Ikungi. Nimekaza zote ishirini. Kumi na tano zimekaa pale pale. Za gurudumu moja zimeingia, zote tano. Robo hivi, kwa madumu mawili."

"Gurudumu lipi, mama?"

"Nyuma kushoto."

Fundi akakata simu. Brashi ya waya ilikuwa chini pale alipoiacha, imejaa kutu ya habu tatu. Akaiokota, akaigonga kwenye jiwe mara mbili, akaining'iniza kwenye msumari ulio juu ya jeki, mahali ambapo dakika chache kabla alikuwa ametundika shati lake.

"Mwenye pancha," akaniita. "Lete gari. Na hilo tairi ukifika nyumbani..."

"Najua," nikamwambia.

"Hujui. Unakwenda umbali gani?"